Wajukuu Wanne wa Mrusha Mpira

Kazimir Nowicki alikuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza kwa miaka ishirini, na hakuna aliyemcheka, kwa sababu karibu hakuna aliyejua. Watu wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Fintani walimfahamu kama mzee wa boila. Alikaa chini ya ardhi akipeleka mvuke madarasani, mabwenini, na hasa kwenye vyumba vya kubadilishia nguo vya uwanja wa mpira wa Kimarekani, na huku kaskazini mwa Indiana, ambako Novemba huingia na meno, hiyo ni kazi ya maana kuliko falsafa. Lakini mfanyakazi wa chuo aliruhusiwa kusoma somo moja kila muhula bila malipo. Kazimir, aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na saba, alilichukua hilo somo moja, muhula baada ya muhula, mpaka yakafika thelathini na tisa.

Lilibaki moja tu. Liliitwa Mateso na Neema, na lilikuwa la lazima kwa kila mwanafunzi, awe wa biashara, wa uhandisi au wa boila. Kazimir alikuwa na miaka sitini na sita. Tarehe thelathini na moja Desemba angestaafu, na ruhusa ya kusoma ingestaafu pamoja naye. Akifaulu, angevaa joho la mahafali Mei. Akishindwa, angebaki mtu aliyewahi kusoma masomo thelathini na tisa, jambo ambalo halina joho.

Chuo chenyewe kilikuwa na sifa kubwa. Kijitabu chake cha picha kilieleza kwamba ni cha kumi na tisa kwa ubora wa taaluma nchini, kwamba kinalea akili na roho kwa pamoja, na kwamba kati ya kila wanamichezo wake mia moja, tisini na tisa humaliza shahada. Takwimu hiyo ya mwisho Kazimir aliiamini kabisa. Kituo cha Masomo cha Wanamichezo kilikuwa juu ya chumba chake cha boila, kwa hiyo alifanya kazi chini ya kiwanda inakotengenezwa.

Roho nayo haikusahauliwa. Kila bweni lilikuwa na kanisa lake dogo na padri wake, na Jumapili jioni vijana walikwenda misa na nguo za kulalia. Nyuma ya maktaba kulikuwa na pango la Bikira Maria ambako wanafunzi waliwasha mishumaa. Wiki ya mitihani Kazimir aliwahi kuhesabu mishumaa hamsini na tatu. Mwaka ule, mkesha wa mechi na Chuo cha Jimbo, mishumaa ilizidi mpaka zima moto wakaitwa.

Profesa Imelda Strand alifundisha Mateso na Neema kwa watu arobaini, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa tano asubuhi. Jumatatu darasa lilijadili mechi iliyopita, Jumatano mechi ijayo. Ijumaa, kama kesho yake timu ilicheza nyumbani, walikuja wawili: Kazimir, na mtawa mmoja Mfilipino ambaye alidhani wengine wameugua na alikuwa akiwaombea. Brecken Tolliver, mrusha mpira wa timu, yule anayeongoza mashambulizi yote, kijana wa miaka ishirini kutoka Texas ambaye uso wake ulibandikwa ukutani kwa urefu wa ghorofa tatu, alikuja mara tatu muhula mzima. Kila alipoingia watu walimpigia makofi. Mara ya pili Profesa Strand naye alipiga, kisha akajifanya anapangusa vumbi mikononi.

Nusu ya alama za somo hilo ilikuwa insha moja ndefu: eleza mateso ni nini, kwa mfano wa maisha. Kazimir aliiandika kwa kalamu ya risasi, nyuma ya karatasi za kumbukumbu za boila, zile za kujaza saa, joto na shinikizo la mvuke. Aliandika juu ya miaka arobaini na moja ya kuchunga moto ambao hakuna anayeuona. Aliandika juu ya goti lake la kushoto. Aliandika juu ya majira ya baridi ambayo mkewe Loretta alilazwa hospitali wiki saba, naye akawa anamwombea mbele ya kipimo cha mvuke kwa sababu kanisani kulikuwa na misa ya timu. Akamalizia na wajukuu wake wanne, ambao hushika mabomba yaliyo moto huku wameshaambiwa wasishike, na jinsi hilo lilivyomfundisha kitu juu ya dhambi ya asili.

Ilikuwa insha nzuri. Alijua hivyo, na hakuona haya kujua.

Tatizo lilikuwa kuichapa. Vidole vya Kazimir vilikuwa vya spana, si vya kompyuta. Maeve Donlin, binti wa mwaka wa pili aliyefanya kazi ya ukufunzi pale Kituoni juu, ndiye aliyejitolea.

"Niachie, Mzee Kaz. Mchana nikila mkate wangu nitakuwa nimemaliza."

"Usibadilishe neno."

"Sibadilishi. Na jina niliweke juu?"

"Jina nitaliweka mwenyewe, kwa wino," alisema Kazimir. "Miaka ishirini nimeingoja karatasi hii. Siwezi kusainiwa na mashine."

Basi Maeve akaichapa, akaiweka kwenye trei ya mezani bila jina, akaenda darasani. Ilikaa pale saa moja na nusu. Popote pengine duniani karatasi isiyo na jina ni karatasi isiyo na jina. Katika Kituo cha Masomo cha Wanamichezo, insha isiyo na jina ilikuwa kama jezi isiyo na namba: inasubiri mchezaji. Bi. Marcia Pell, mkuu wa Kituo, mwanamke mwenye bidii na moyo mwema kupita kiasi, alipita, akaiona, akasoma kichwa cha habari, akakumbuka kwamba Brecken alikuwa na deni la insha ya teolojia, akafurahi kwamba vijana wake wa ukufunzi wamefanya kazi mapema. Akaipitisha kwenye mashine ya kunakili, akaandika jina la Brecken Tolliver kwenye kompyuta, akaituma kwa Profesa, akairudisha karatasi kwenye trei kama alivyoikuta. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na utaratibu.

Jioni ile Kazimir aliichukua karatasi yake, akaitia saini kwa wino wa bluu. Kesho yake asubuhi Maeve akaituma.

Iliichukua kompyuta ya idara sekunde nne kugundua kwamba mzee wa boila ameiba kazi ya mrusha mpira.

*

Barua ilifika nyumbani Jumanne. Loretta ndiye aliyeifungua, kwa sababu Loretta hufungua barua zote, za kwake na za jirani.

"Kaz! Umeiba?"

"Nimeiba nini?"

"Wanasema umeiba mateso."

Akamsomea. Kamati ya Uadilifu itakutana Ijumaa saa nne. Mwanafunzi akipatikana na hatia atapata sifuri katika somo.

"Nani huyu unayedaiwa kumwibia?" aliuliza Loretta.

"Tolliver."

"Yule wa ukutani? Ana miaka mingapi?"

"Ishirini."

Loretta akavua miwani. "Basi nifurahie. Kumbe nina mume wa miaka ishirini na sijui."

"Siyo mambo ya kuchekea, mama."

"Nani anacheka? Nataka kujua huyo kijana alikuwa wapi wiki saba zile nilipokuwa napakwa mafuta na padri. Kama alikuwa mume wangu, mbona hakuniletea hata maua?"

Kazimir alikwenda kwenye kabati la zana, akatoa bahasha yenye karatasi za boila, zote kumi na moja, akazipanga mezani moja moja. Upande mmoja mwandiko wake. Upande wa pili tarehe, saa, shinikizo la mvuke, na saini ya msimamizi wa zamu. Ya kwanza ilikuwa ya tarehe mbili Oktoba. Insha ya Brecken ilitumwa Novemba. Akapumua. Aliamini kwamba ushahidi ni ushahidi. Alikuwa amefundishwa hivyo katika somo la kumi na nne, Utangulizi wa Mantiki, alimopata A.

*

Kamati ilikuwa na watu watatu: Daktari Whitcomb Ferris, mkuu wa kitivo, Profesa Strand, na mwakilishi wa wanafunzi, Grayson Oakes, aliyekuja na jezi ya timu chini ya koti, maana ilikuwa Ijumaa na kesho yake Wapiga Kengele, kama timu inavyoitwa, walicheza na Chuo cha Jimbo.

"Bwana Nowicki," alianza Daktari Ferris, "hapa hatumtuhumu mtu. Tunataka tu kuelewa kwa nini insha yako inafanana na ya Brecken maneno elfu mbili na mia moja mfululizo."

"Kwa sababu ni yangu."

"Hilo ni jibu moja," alisema Daktari Ferris kwa upole.

"Daktari, umeisoma? Ukurasa wa kwanza inasema nimechunga boila miaka arobaini na moja. Tolliver ana miaka ishirini."

Profesa Strand akasogeza miwani. "Sisi tuliichukulia kama tamathali, Bwana Nowicki. Boila ni nafsi. Miaka arobaini na moja ni jangwa, ile arobaini ya Waisraeli, na mmoja wa ziada kwa ajili ya neema. Kwa kweli nilishangaa sana. Nilimpa A."

"Na goti?"

"Yakobo alipopigana na malaika aliumizwa mguu."

"Aliumizwa nyonga," alisema Kazimir. "Mwanzo, sura ya thelathini na mbili. Goti langu liliumizwa na kifuniko cha tangi."

Grayson Oakes akainua mkono. "Mimi naona ina mantiki. Brecken naye anaumwa goti. Alilitegua mechi ya tatu."

"La kulia," alisema Kazimir.

"Labda alibadilisha. Ni msanii."

"Na wajukuu wanne? Nao ni tamathali?"

Profesa Strand alitazama meza. "Injili ni nne," alisema, lakini kwa sauti ya chini, kama mtu anayesikia mwenyewe anachokisema.

Kazimir akatoa karatasi zake. Daktari Ferris alizitazama mbele na nyuma kwa muda mrefu, akafikia ile ya tarehe mbili Oktoba, akasoma tarehe, akasoma saini, na uso wake ukawa wa mtu aliyeagiza supu akaletewa bili ya harusi. Maana hakuwa mjinga. Alijua hesabu. Kama insha ni ya mzee, basi si ya kijana. Kama si ya kijana, basi kijana ndiye aliyedanganya. Na mwanafunzi aliyedanganya hachezi. Mechi ilikuwa kesho saa nane na nusu mchana.

"Hizi," alisema hatimaye, "zinaonyesha shinikizo la mvuke."

"Upande mmoja."

"Ni nyaraka za kitaalamu. Kamati itahitaji mtaalamu wa kuzisoma. Haki haina haraka, Bwana Nowicki. Tutakutana tena tarehe kumi na mbili Januari."

"Msimu utakuwa umekwisha."

"Msimu upi?" aliuliza Daktari Ferris.

"Daktari, mimi nastaafu tarehe thelathini na moja Desemba. Mpaka Januari sitakuwa mwanafunzi wala mfanyakazi."

"Hongera," alisema Daktari Ferris, na akampa mkono.

Maeve naye alikuwa ameandika barua akieleza yote, kuanzia mkate wake wa mchana hadi trei. Barua ilipokelewa kwa shukrani. Ikawekwa kwenye jalada, jalada likawekwa kabatini, na kabati likafungwa.

*

Jioni ile saa kumi na mbili kulikuwa na mkutano wa hamasa katika ukumbi mkubwa wa michezo, kama kila mkesha wa mechi ya nyumbani. Kazimir alikuwa kazini, amesimama karibu na mlango wa nyuma pale bomba kuu linapoingilia, kuhakikisha watu elfu tisa hawapati baridi. Loretta alikuwa amemletea pierogi, vile vitumbua vya Kipolandi vya kuchemsha vilivyojazwa viazi, ndani ya bakuli lililofungwa taulo. Bendi ilipiga mpaka mabomba yakatetemeka. Kocha Ruddock alisema maneno kumi, sita yakiwa "kupigana." Kisha Mkuu wa Chuo, Padri Gerard Loughnane, akapanda jukwaani na karatasi mkononi.

"Wanangu," alisema, "huko nje kuna watu wanaosema kwamba chuo chetu ni timu ya mpira yenye maktaba. Wanasema vijana wetu hawasomi. Leo nataka wasikie. Profesa mmoja amenionyesha insha ya teolojia, imeandikwa na kijana mnayemfahamu, namba kumi na moja."

Ukumbi ukalipuka. Brecken Tolliver, aliyekuwa ameketi jukwaani na wenzake, alionekana kushangaa kuliko watu wote.

"Mungu wangu," Loretta alisema. "Hapana. Hawezi."

Aliweza. Padri Loughnane alikuwa na sauti iliyofanya hata matangazo ya maegesho ya magari yasikike kama zaburi. "Nimekaa miaka arobaini na moja na moto ambao hakuna anayeuona," alisoma, "na sijawahi kuulizwa kama nasikia joto." Watu elfu tisa wakanyamaza. Akasoma juu ya goti. Akasoma juu ya wiki saba za hospitali, akairuka kwa ustadi ile sehemu ya misa ya timu. Wazazi walianza kutafuta leso. Mwanamke mmoja aliyesimama mbele ya Loretta, amevaa koti la manyoya lenye nembo ya timu, alikuwa akilia waziwazi.

"Maskini," alimwambia mumewe. "Ameteseka sana, na bado mdogo."

"Aliyeteseka ni mimi," Loretta alimwambia mgongoni. Yule mwanamke akageuka, akamtazama, akamwonea huruma.

"Na wajukuu wangu wanne," Padri alifikia mwisho, sauti ikitetemeka, "hushika bomba la moto huku wameshaambiwa, kama sisi sote." Akakunja karatasi. "Brecken, mwanangu, njoo. Sema neno."

Kijana akaja kwenye kipaza sauti. Alikuwa mrefu, na masikio yake yalikuwa mekundu. Alitazama karatasi, akamtazama Padri, akatazama umati.

"Baba Padri," alisema, "mimi sina wajukuu."

Nafasi ya ukweli kusikika katika ukumbi ule ilidumu kama nusu sekunde. Kisha mtu mmoja akacheka, kumi wakacheka, wote wakacheka. Unyenyekevu ulioje! Kipaji kilioje! Sehemu ya wanafunzi ikaanza kupiga miguu chini: "Wa-ju-kuu wa-nne! Wa-ju-kuu wa-nne!" Bendi ikashika mdundo. Kengele ya ushindi, ambayo kwa mila haigongwi kabla ya mechi, ikagongwa.

Kazimir alikuwa ameshika gurudumu la vali kwa mikono miwili. Angeweza kulifunga. Aliwaza baridi ikishuka taratibu juu ya makoti yote yale ya manyoya. Kisha akawaza kwamba katika miaka arobaini na moja mvuke wake haujawahi kukatika hata siku moja, na hakuona kwa nini aharibu rekodi yake kwa sababu wengine wameharibu ya kwao.

"Kula pierogi zako," alisema Loretta. "Zinapoa."

Jumamosi Wapiga Kengele walishinda kwa alama tatu. Kulikuwa tayari na fulana zilizoandikwa Wajukuu Wanne.

*

Jumatatu saa tatu asubuhi mlango wa chumba cha boila ulifunguliwa, na Brecken Tolliver akaingia akiwa ameinama, kwa sababu milango ya huko chini haikujengewa watu waliobandikwa ukutani. Alisimama, akatazama matangi, mabomba, vipimo. Akasogea mpaka kwenye bomba moja la shaba, akalinyooshea kidole.

"Hili ndilo linaloimba kabla ya theluji? Ukurasa wa pili?"

"Usilishike," alisema Kazimir.

Akalishika. Akaruka nyuma akipuliza vidole.

"Watano sasa," alisema Kazimir.

Kijana akacheka, kisha akaacha. "Mzee, ni wewe uliyeandika."

"Ni mimi."

"Mimi sikujua. Naapa kwa Texas yetu, sikujua. Bi. Pell huwa ananiambia tu, Brecken, ya teolojia imekwenda. Nikasema ahsante. Huwa nasema ahsante." Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Ijumaa ndiyo mara ya kwanza nimeisikia. Nikawa nasema moyoni, jamani, huyu jamaa anaandika. Halafu nikakumbuka ni mimi."

"Umesoma vitabu vingapi hapa chuoni, kijana?"

"Kuna kile cha mbinu za mashambulizi. Ni kinene."

"Na hukuwahi kutaka?"

Brecken alifikiri kwa bidii ya kweli. "Mwaka wa kwanza nilitaka kusoma kemia. Wakaniambia maabara inagongana na mazoezi. Wakanipa Utangulizi wa Burudani za Nje. Nilipata A. Tulikwenda kuvua samaki." Akainua macho. "Watakufanya nini?"

Kazimir akamweleza: Januari, sifuri, joho. Hakuongeza chumvi. Brecken alisikiliza hadi mwisho, akainuka, akagonga kichwa kwenye bomba jingine, akatoka.

Kilichotokea ofisini kwa Daktari Ferris, Kazimir alikisikia baadaye kutoka kwa katibu muhtasi wa Daktari, ambaye alikuwa amesimama karibu na mlango kwa sababu za kikazi.

"Daktari, ile insha si yangu," Brecken alisema.

"Mwanangu, hilo litashughulikiwa Januari. Usijisumbue. Jumamosi mna mechi."

"Ndiyo maana nimekuja. Sitaweza kucheza. Naumwa goti."

"Goti!" Kiti kilisikika kikisukumwa nyuma. "Goti gani?"

"La kushoto. Lile la ukurasa wa tatu."

Kiti kikasikika kikirudi mbele taratibu.

"Linauma tangu lini?"

"Kwa mujibu wa insha, miaka kumi na miwili. Nafikiri litapona kamati ikikaa. Na hawa wajukuu wangu, Daktari, waandishi wa habari wananiuliza majina yao. Sijui niwaambie nini."

Kwa miaka ishirini Kazimir Nowicki alikuwa ameamini kwamba katika chuo kikuu hoja hushinda kwa uzito wake. Hoja yake ilikuwa na karatasi kumi na moja, tarehe, saini na shahidi, na ilikuwa imefungiwa kabatini. Goti zima la kijana wa miaka ishirini lilifungua kabati hilo kwa dakika kumi na moja. Kamati ilikutana siku ileile saa tisa mchana. Mtaalamu wa kusoma karatasi za boila hakuhitajika tena. Ilibainika kwamba Daktari Ferris mwenyewe alijua kusoma tarehe. Kazimir akasafishwa kabisa. Ikaelezwa kwamba kulitokea mkanganyiko wa trei. Bi. Pell alipandishwa cheo na kuwa mkurugenzi wa uadilifu wa wanamichezo. Brecken akapewa wiki mbili kuandika insha yake mwenyewe, na kwa kuwa chuo hakijawahi kuwa na utaratibu wa mchezaji kuandika mwenyewe, hakuna aliyejua aadhibiwe vipi zaidi ya hapo.

Aliiandikia kule chini kwenye boila, juu ya ile ndoo, mchana baada ya mazoezi. Kazimir alikataa kumsaidia hata neno moja, ila alimkopesha kalamu ya risasi na kumkatalia "kupigana" mara saba. Insha ilihusu kijana aliyeambiwa maabara inagongana na mazoezi. Ilipata C. Brecken aliibandika kwenye mlango wa chumba chake bwenini, chini ya sanamu ya Mtakatifu Fintani.

*

Alama ya Kazimir ilifika tarehe kumi na tisa Desemba. Loretta aliifungua.

"Umepita!" alipiga kelele jikoni. "Kaz, umepita! Una shahada! Njoo hapa mzee nikubusu."

Alimbusu. Kisha Kazimir akaichukua karatasi na kuisoma mwenyewe, maana alikuwa mtu wa kusoma mpaka chini.

Ilikuwa B.

Chini yake Profesa Strand aliandika kwa mkono mzuri: *Kazi ya uaminifu na ya kugusa. Hata hivyo, taswira za moto, za miaka arobaini na moja, na hasa za wajukuu, zilikuwa na nguvu zaidi nilipodhani zimebuniwa. Mwandishi anaeleza tu yaliyomtokea.*

Kazimir akasoma mara mbili. Insha ileile, neno kwa neno, nukta kwa nukta. Ikiwa ya mtu asiyewahi kuishi hayo, ni A. Ikiwa ya aliyeyaishi, ni B.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Loretta. "Nimetoa keki kwenye jiko."

"Kabatini."

Alirudi na karatasi ya boila, tupu, ya zamu ya siku ile, na kalamu.

"Kaz. Umefaulu. Joho utavaa. Mei watakuweka katikati ya uwanja ule ule wa mpira, mimi nitakuwa juu na wajukuu wanne wa kweli, tutapiga kelele mpaka tufukuzwe. Unataka nini tena?"

"Nataka alama yangu."

"Umebakiza siku kumi na mbili kazini!"

"Rufaa ni siku kumi," alisema Kazimir. "Nimesoma kanuni."

Akakaa mezani, akasogeza keki pembeni, akageuza karatasi upande usio na shinikizo la mvuke. Na kabla ya kuandika kitu kingine chochote, kabla hata ya salamu kwa Daktari Ferris, aliandika juu kabisa, kwa wino, kwa herufi kubwa ambazo hata mtu anayepita haraka karibu na trei asingeweza kuzikosa: KAZIMIR NOWICKI.